Aliyeshika Mpini

Kisu cha Guka kilinifikia ndani ya mkebe wa kahawa, kikiwa na misumari, betri zilizokufa na kitambulisho chake cha zamani. Ni kisu kidogo cha mfukoni, cha kukunja. Hakina springi wala kitu cha kukifunga. Bapa linashikiliwa na ribiti moja iliyokazwa na kidole gumba chako. Bapa lenyewe limenolewa miaka mingi mpaka limebaki jembamba kama jani. Lakini kilichonivuta ni mpini: pembe ya rangi ya asali, laini kama sabuni, na ukiuinua juani mwanga unapenya ukingoni.

Wakati huo nilikuwa nishaacha chuo. Nilikuwa Kiambere kwa shosho, nina deni la kodi Nairobi na sina mpango wowote. Nilikuwa na visu sita vya kizee kwenye katoni ya viatu, hiyo ndiyo hobi yangu, kwa hivyo nilijua mtu wa kumtumia picha. Jamaa mmoja anayenunua vitu vya zamani. Alinipigia dakika hiyo hiyo.

"Hiyo ni kifaru, bro. Usimwonyeshe mtu. Tutaongea pesa."

Sikulala. Nilishinda usiku kucha nikisoma kwenye simu, na nilichokipata kilinifanya niogope ule mkebe.

Wasanii wa jambia wa Yemen walithamini pembe ya kifaru kuliko mpini mwingine wowote. Sababu yake ni ya kweli kabisa kwa yeyote anayependa visu: haichakai. Kadiri inavyoshikwa ndivyo inavyong'aa, na baada ya vizazi kadhaa inapata ule mwanga wa ndani, kama kaharabu. Hapo awali ilikuwa ni mipini ya wakubwa. Kisha miaka ya sabini vijana wengi wa Yemen Kaskazini walienda kufanya kazi Saudi Arabia, ambako mafuta yalikuwa yakimwaga pesa. Waliporudi, nao walitaka kuvaa jambia ya heshima. Hakuna ubaya hapo. Mimi pia ningetaka.

Ila pembe zilitoka kwetu. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi karibu 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya themanini walibaki chini ya 400. Uwindaji ulipigwa marufuku hapa mwaka 1977, Yemen Kaskazini nayo ikazuia kuingiza pembe mwaka 1982, lakini magendo hayasomi gazeti la serikali. Novemba 1988, katika Mbuga ya Meru, majangili waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa na askari. Watano wote, kwa mpigo mmoja.

Aliyefuatilia sana biashara hii alikuwa Esmond Bradley Martin, Mmarekani aliyeishi Nairobi. Alisafiri mpaka Sanaa, akakaa na mafundi, akauliza bei, akaandika. Hakuwatukana, aliwashawishi watumie pembe ya nyati wa Asia badala ya kifaru. Februari 2018 alikutwa nyumbani kwake Nairobi amekufa, amechomwa kisu.

Nilizima simu. Kwa Kiswahili tunasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na tunasema pia fulani ameshika mpini, wewe umeshika makali. Usiku ule niliona kwamba sisi wakusanyaji tunaongea sana kuhusu mipini, mbao gani, pembe gani, imeng'arishwa vipi, na hatuulizi ni nani aliyeachiwa makali. Isitoshe, sheria ya wanyamapori ya 2013 ilikuja na faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa ya wanyama walio hatarini kutoweka. Kuwa na kitu tu mkononi ni kosa. Na Guka wangu, yule mzee mpole, alikuwa ameniachia hiyo kitu?

Asubuhi nilimwonyesha shosho. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mume wangu," alisema, ndivyo anavyoniita tangu utotoni, "huyo si kifaru. Huyo ni Kamũrũ."

Kamũrũ alikuwa fahali wao. Alikufa kwenye ukame wa 1984, karibu wa mwisho zizini. Nyama haikuwa nyama, ngozi iliuzwa, na Guka akabaki na pembe kwa sababu hakutaka kumtupa wote. Baadaye alipata kibarua kwenye ujenzi wa bwawa. Siku moja alirudi na kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika, akaanza kazi. Alichemsha pembe kwenye debe mpaka ikalegea, akaibana katikati ya mbao mbili chini ya jiwe zito, na ilipopoa ilibaki bapa. Akaikata, akatoboa kwa msumari uliokuwa mwekundu wa moto, akaisugua kwa majani makavu yenye kukwaruza, kisha kwa jivu na mafuta. Seremala akisema msasa leo anamaanisha karatasi, lakini msasa kwanza ni mti, na majani yake ndiyo yaliyokuwa yakilainisha kazi ya mikono kabla ya duka la vifaa.

Nilienda kuhakikisha mwenyewe. Pembe ya kifaru haina uwazi ndani. Ni nyuzi zilizoshikana za kitu kilekile cha kucha na nywele, na ukiikata unaona vidoti, kama ncha za ufagio uliofungwa. Ya ng'ombe inavaa mfupa kama soksi, na ukiikata unaona tabaka. Nilisogeza kamera ya simu kwenye kitako cha mpini. Tabaka, moja juu ya nyingine, kama kitunguu.

Bwawa la Kiambere lilianza kuzalisha umeme mwaka 1988, mwaka uleule wa vifaru wa Meru. Maelfu ya watu walihamishwa ili Tana ipate pa kulala, na shamba la chini la Guka lilikuwa huko. Umeme ukapanda kwenye nyaya ukaenda gridi ya taifa. Hata wafua chuma wa zamani wa nchi hii, waliokuwa wakichekecha mchanga mweusi wa mito na kuuyeyusha kwa makaa, walikuwa washaacha kuyeyusha muda mrefu, kwani chuma chakavu kilikuja kikiwa tayari. Guka alifanya kama wao: akachukua kilichoangushwa na wengine, akatia mpini wake.

Nilimpigia yule jamaa.

"Ng'ombe? Aah. Basi hiyo ni bure, bro."

Deni la kodi bado ninalo. Kisu nacho sikukiweka kwenye katoni ya viatu. Shosho alikitaka amenye embe, na alipokishika gumba lake lilianguka moja kwa moja kwenye kijishimo kilichochimbwa na gumba la mzee. Mimi langu bado halijakaa vizuri pale.