Skii: msamiati na matumizi katika maelekezo ya anayeanza

skii *nm* [i-/zi-] 1. ubao mrefu mwembamba, uliopindwa juu kwa mbele, unaofungwa kwenye buti ili mtu apite juu ya theluji. 2. mchezo wa kupita juu ya theluji kwa vifaa hivyo. *Kitenzi:* teleza kwa skii. *Mtendaji:* mtelezaji.

Neno hili si geni tena katika habari zetu. Mwaka 1998 Philip Boit wa Kenya alishindana mjini Nagano katika mbio za kilomita 10 za skii, na mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliiwakilisha Kenya huko Pyeongchang. Boit alishiriki skii za nyika, istilahi inayofuata mfano wa *mbio za nyika*; Simader alishiriki skii za mteremko. Makala haya yanahusu aina ya pili, hasa lugha ya kumwelekeza anayeanza. Hapa kosa la mfasiri haliishii kwenye karatasi: msomaji atalitenda kwa mwili wake, akiwa juu ya mteremko.

Teleza na serereka

Kitenzi *teleza* kikisimama peke yake humaanisha aghalabu ajali: tope la masika, sakafu yenye maji. Ndiyo maana methali husema *kuteleza si kuanguka*. Katika skii, mtu huteleza kwa kukusudia na kwa kujitawala. Kwa hiyo taja kifaa: *anateleza kwa skii*. *Serereka* hufaa kwa mwendo wa kushuka usiozuiwa: *Aliposimama vibaya, aliserereka hadi chini.* Usitumie vitenzi hivi kana kwamba ni kimoja.

Theluji na barafu

*Theluji* imetokana na Kiarabu, *barafu* na Kiajemi. Katika lugha zilizotukopesha mipaka ya maana ni tofauti: neno la Kiajemi humaanisha theluji, na la Kiarabu huweza kubeba maana zote mbili. Kiswahili sanifu kimezigawa: theluji ni ile laini inayoanguka, barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Itunze tofauti hii. Juu ya barafu skii hushika kwa shida, na onyo lisemalo *theluji* mahali pa *barafu* humnyima msomaji tahadhari.

Mkao: kunja, piga, inama, chuchumaa

Agizo la kwanza kwa anayeanza ni kulegeza magoti. Katika mazoezi ya tafsiri nimewahi kusoma *piga magoti*. Atakayetii agizo hilo atajikuta amepiga magoti kama aombaye dua. Sema *kunja magoti kidogo*. *Inama* nayo haifai, kwa kuwa huukunja mwili kiunoni. *Chuchumaa* hurudisha uzito nyuma. Kosa kubwa la anayeanza ni hilo hilo la kuegemea nyuma kwa hofu: sehemu ya mbele ya skii hupungukiwa na uzito, na uongozi hupotea. Maelekezo sahihi ni haya: *Kunja vifundo vya miguu na magoti kidogo, mifupa ya miundi iguse ulimi wa buti. Weka mikono mbele yako, na utazame uendako, si ncha za skii.*

Kabari

Namna ya kwanza ya kupunguza mwendo ina jina tayari katika karakana zetu: *kabari*. Ncha za skii hukaribiana bila kupandana, na mikia hutanuliwa, hata skii zikafanana na kabari. Makali ya ndani, yaani kingo za chuma zilizo chini ya skii, hukwaruza theluji na kuzuia mwendo. Kadiri mikia inavyotanuliwa, ndivyo mwendo unavyopungua. Tumia *tanua mikia*. *Panua miguu* humfanya msomaji atenganishe ncha pia, na kabari ikavunjika.

Kupinda: elemea

*Egemea* ni kutafuta tegemeo, kama mtu aegemeavyo ukuta. *Elemea* ni kuutia uzito juu ya kitu. Kwa kupinda tunahitaji cha pili: *Ukiwa katika kabari, elemea skii ya kulia nawe utapinda kushoto.* Kanuni hii humshangaza anayeanza, kwa hiyo itaje waziwazi: uzito huwekwa kwenye skii ya nje ya kona. Maneno *ya juu* na *ya chini* huleta utata mtu anapouvuka mteremko kwa upande. Kiambishi cha mahali hutusaidia: *skii ya mlimani* na *skii ya bondeni*. Katika kuvuka huko, uzito mwingi hukaa kwenye skii ya bondeni.

Kipaumbele

Katika kanuni za mwenendo za Shirikisho la Kimataifa la Skii na Ubao wa Theluji, anayetoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kuchagua njia isiyomhatarisha aliye mbele. Hapa *mbele* maana yake ni upande wa bondeni, si nafasi katika mashindano. Afadhali kuandika *aliye chini yako kwenye mteremko ana haki ya njia*.

Muhtasari kwa mfasiri

– *kunja magoti*, si *piga magoti*
– *tanua mikia*, si *panua miguu*
– *elemea skii ya nje*, si *egemea nje*
– *skii ya bondeni*, si *skii ya chini*

Kabla ya kuikabidhi tafsiri, simama, uisome kwa sauti, na uutii kila mstari kwa viungo vyako. Palipo na kitenzi kisicho sahihi, mwili utakijua kabla ya kamusi.