Kupimwa kwa Kiingereza cha Vijana wa Shule Mjini Dar es Salaam

Kila mtu aliyesoma katika shule za sekondari za Tanzania amepimwa Kiingereza chake mara nyingi. Lakini ni wachache waliojiuliza kipimo chenyewe kilitoka wapi, kilikusudiwa kupima nini, na ni nini kilichoachwa bila kupimwa. Katika makala haya nakusudia kuieleza kwa ufupi historia ya vipimo hivyo, nikiutazama zaidi mji wa Dar es Salaam na mtaa wake wa Kariakoo. Kisha nitaonyesha kwamba, tangu zama za mitihani ya Waingereza hata leo, tumelipima sana jicho la mwanafunzi na mkono wake, lakini sikio lake tumeliacha. Jambo hili si dogo. Mahali ambapo vitabu ni haba, mwanafunzi hupata elimu yake kwa kumsikiliza mwalimu kuliko kwa kusoma. Na ikiwa lugha ya mwalimu haimwingii sikioni, hana mlango mwingine wa kupitia.

Yafaa tuanze na jina la mtaa wenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa na jeshi la wapagazi lililoitwa Carrier Corps. Walipokwisha kuuteka mji mwaka 1916, wapagazi hao walipiga kambi mahali hapo, karibu na jengo ambalo Wajerumani walilijenga kwa ajili ya maonyesho ya 1914. Wenyeji wakalisikia jina hilo, wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Baadaye jengo likageuzwa soko, na soko jipya lililochorwa na msanifu Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975. Majengo yalibadilika, ila jina halikubadilika. Sasa tazama jambo moja. Neno hilo la Kiingereza huandikwa na herufi mbili za mwisho ambazo hazitamkwi. Lau watu wa Dar es Salaam wangalilipata neno hilo kitabuni, pengine leo tungaliita mtaa huo Kariakopsi. Walilipata kwa sikio, na sikio lao lilisikia sawasawa.

Shuleni mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Chini ya utawala wa Waingereza, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika madarasa ya chini ya shule za Waafrika, na Kiingereza kikashika nafasi hiyo katika madarasa ya juu. Watoto wa mji huu hawakusoma pamoja: Wazungu walikuwa na shule zao, Wahindi zao, na Waafrika zao, na kila kundi likakutana na Kiingereza kwa wakati wake na kwa vifaa vyake. Hata hivyo wale wachache waliofika Darasa la Kumi na Mbili walikutana katika mlango mmoja, nao ulikuwa mtihani wa Cambridge. Maswali yalitungwa Uingereza, na majibu yakapelekwa huko huko kusahihishwa. Kwa muda mrefu Kiingereza kilikuwa sharti la kupata cheti: kijana aliyeshindwa somo hilo aliweza kukikosa cheti chote, ingawa alifaulu hesabu na historia.

Tusiushangae sana utaratibu huo, maana ulilingana na haja ya walioutunga. Serikali ya kikoloni ilitaka makarani na waalimu wachache, wajuao kusoma barua na kuijibu. Mtihani ulikuwa ungo. Kazi ya ungo ni kutenga, wala haiulizi punje iliyoanguka ina utamu gani. Lakini ungo ule tuliurithi, na baadaye tukautumia kwa kazi nyingine kabisa, yaani kujua kama watoto wote wa nchi wanaelimika. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Mwaka 1961 nchi ikapata uhuru, na kuanzia 1962 mgawanyo wa shule kwa rangi ukaondolewa. Shule za mjini zilizokuwa za jamii moja moja zikafunguliwa kwa watoto wote, na nyingine zikapewa majina mapya, kama vile Azania na Tambaza. Mwezi wa Oktoba 1961, katika jengo la TANU lililo Barabara ya Lumumba, pembeni mwa Kariakoo, Chuo Kikuu kilianza na wanafunzi wachache wa sheria, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Basi kijana aliyekaa katika mitaa hiyo aliweza kuziona ngazi zote za elimu karibu na nyumbani kwake, na katika ngazi ya juu lugha ilikuwa Kiingereza.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilifuatwa na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na katika muda huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi kwa madarasa yote saba. Hilo lilikuwa jambo la haki, na sina nia ya kulilaumu. Lakini sekondari haikufuata. Mtoto akamaliza Darasa la Saba akiwa amesoma sayansi, jiografia na hesabu kwa Kiswahili, akafanya mtihani wake kwa Kiswahili, kisha akaingia Kidato cha Kwanza na kukuta masomo yote hayo yamegeuka Kiingereza, lugha aliyoijua kama somo moja tu. Likizo ya miezi michache ikawa ndiyo daraja la kuvukia.

Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Sasa maswali yakatungwa nyumbani. Mambo mengi yakawa ya kwetu: historia ikawa ya Afrika, na vitabu vya fasihi vikawa pamoja na vya Waafrika. Lakini umbo la mtihani lilibaki lile lile, yaani karatasi, kalamu na muda. Mtahiniwa alisoma kifungu cha habari, akajibu maswali, akaandika insha. Sauti ya Kiingereza haikusikika katika chumba cha mtihani isipokuwa ya msimamizi akitangaza kwamba muda umekwisha.

Waliotangulia kutilia shaka hali hiyo walikuwa wataalamu wetu wenyewe. Mwaka 1978 Baraza la Kiswahili la Taifa lilitoa uchunguzi wa Penina Mlama na May Matteru juu ya haja ya kutumia Kiswahili katika elimu ya juu. Walikwenda shuleni, wakasikiliza masomo, wakazungumza na wanafunzi. Walichokiona ni kwamba mwanafunzi aliyenyamaza alipoulizwa kwa Kiingereza aliweza kujibu swali lile lile alipoulizwa kwa Kiswahili. Hilo ni funzo kubwa katika elimu ya kupima. Ukimya wa mwanafunzi wa kwanza haukuwa ujinga wa somo, bali ulikuwa ukimya wa lugha. Na mwalimu asiyetenganisha mambo hayo mawili huandika sifuri mahali pasipostahili.

Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, iliundwa mwaka 1980 na kutoa taarifa mwaka 1982. Ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika Kidato cha Kwanza mwaka 1985, kikipanda mwaka hata mwaka mpaka Chuo Kikuu. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekipenda Kiswahili kuliko wengi, alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia, akaona kwamba kikiondolewa katika kufundishia kitakufa nchini.

Mwaka 1984 ukaja uchunguzi uliojulikana zaidi, wa Waingereza wawili, Criper na Dodd. Hao waliwapima wanafunzi wa shule za msingi, wa sekondari na wa vyuo kwa vifungu vya Kiingereza vyenye mapengo ya kujazwa, kisha wakayalinganisha matokeo na ngazi za vitabu vya kusoma. Waliona kwamba karibu nusu ya wanafunzi wa sekondari waliopimwa hawakuwa wakipata chochote cha maana katika masomo yao. Kwamba katika Kidato cha Nne ni kama mmoja katika kumi tu aliyefikia kiwango ambacho mtu angetazamia kuanzia masomo kwa Kiingereza. Na kwamba hata Chuo Kikuu hawakufika mmoja katika watano waliosoma kwa wepesi vitabu rahisi vya masomo yao. Msomaji angetazamia ushauri wao uwe wa kubadilisha lugha. Haukuwa hivyo. Walishauri Kiingereza kiendelee, lakini kitiwe nguvu. Na kuanzia 1987 Uingereza ikagharimia mpango wa kuleta vitabu vyepesi vya hadithi na kuwafunza waalimu.

Hapa tujifunze jambo moja. Kipimo hakitoi amri. Mizani ya Kariakoo itakuambia mchele una kilo ngapi, lakini haitakuambia uununue au uuache. Mlama na Matteru, Makweta, na Criper na Dodd, wote waliuona ugonjwa mmoja. Dawa walizoandika zilitofautiana kwa kuwa kila mmoja alikuja na shauri lake juu ya nafasi ya Kiingereza katika nchi. Mwanachuoni hana budi kuyatenga mambo hayo mawili, asije akadhani kwamba hesabu imesema lile ambalo mtu amelisema.

Vipimo vya baadaye vilithibitisha yale yale. Kuanzia 2010 mradi wa Uwezo uliwapima watoto majumbani mwao, wasiozidi miaka 16, kwa kuwasomesha herufi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la Pili. Mwaka huo karibu nusu ya waliokuwa Darasa la Saba hawakuweza kuisoma hadithi hiyo kwa Kiingereza, na hata kwa Kiswahili mmoja katika watano hivi alishindwa. Kisha mwezi wa Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, ambamo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, na lugha ilikuwa mojawapo. Sera ya Elimu ya 2014 ikasema Kiswahili kitatumika katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 likakirudisha Kiingereza katika nafasi yake ya sekondari.

Katika historia yote hiyo, sikio liko wapi? Criper na Dodd waliwapa vijana karatasi ya kusoma, Uwezo waliwapa karatasi ya kusoma, Baraza la Mitihani huwapa karatasi ya kusoma. Lakini kusoma na kusikia si kitu kimoja, na kwa Mswahili tofauti ni kubwa mno. Kiswahili kina vokali tano, na kila herufi ina sauti yake. Ajuaye herufi husoma neno lolote. Kiingereza kina vokali zaidi ya kumi, na maandishi yake hayafuati sauti. Maneno matatu, la paka, la kukata na la mkokoteni, yaani cat, cut na cart, huonekana wazi yakiandikwa, lakini katika sikio lisilozoezwa yote huwa kati. Mwanafunzi aweza kulijua neno akiliona ubaoni, na asilitambue likipita haraka katika maneno ya mwalimu. Mtihani wa kusoma utasema anajua. Somo la fizikia litasema hajui.

Na kinyume chake kipo. Kariakoo huja wafanyabiashara kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Kijana anayeuza viatu au simu hujifunza Kiingereza cha bei, cha rangi, cha mzigo na cha usafiri, bila daftari. Sikio lake hufanya kazi kila siku kama lilivyofanya kazi sikio la wale waliolipata jina la mtaa wao. Akiketi katika mtihani, ujuzi huo hauna mahali pa kuandikwa, na huenda akahesabiwa miongoni mwa wasiojua kitu. Sisemi kwamba Kiingereza cha dukani chatosha kusomea kemia. Nasema kwamba mwalimu asiyejua mwanafunzi wake ana nini hawezi kumjengea juu yake.

Wengine watasema kwamba kulipima sikio kunahitaji mitambo, na kwamba darasa lenye wanafunzi wengi haliwezekani. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mwalimu anayo sauti. Aweza kusoma habari fupi ya kisayansi mara mbili, kwa mwendo wa kawaida, kisha akatoa maswali matano kwa Kiswahili, nayo yajibiwe kwa Kiswahili. Kwa njia hiyo atajua kama maana imefika, bila kuichanganya na uwezo wa kuandika Kiingereza. Juma la pili awape habari inayofanana na hiyo kwa maandishi, na maswali ya namna ile ile. Tofauti ya alama ndiyo itakayomwonyesha penye pengo, kama ni katika sikio, katika jicho, au katika somo lenyewe. Gharama yake ni nusu saa na karatasi.

Mjadala wa lugha ya kufundishia utaendelea, na kila upande una watu wenye akili. Lakini yeyote atakaye Kiingereza kibaki yampasa aonyeshe kwamba vijana wanakisikia, na yeyote atakaye kiondoke yampasa aonyeshe hasa ni wapi wasipokisikia. Wote wawili wanahitaji kipimo ambacho mpaka leo hatujakifanya sehemu ya kazi ya kila siku shuleni. Wahenga walijua kwamba kila kitu kina kipimo chake: nafaka kwa pishi, kitambaa kwa wari, na mfanyabiashara anayepima kitambaa kwa pishi hudhulumu bila kukusudia. Vijana wetu wanaoketi mbele ya ubao huko Kariakoo, Gerezani na Ilala hawaombi kuonewa huruma katika mitihani. Wanastahili kupimwa kwa kipimo kilicho chao, ili kila anayeshindwa ajue ameshindwa nini, na mwalimu wake ajue pa kuanzia kesho.