Ukale wa Kinanda cha Umeme: Hoja Kuhusu Usikilizaji wa Taarab Pemba

Albamu ya kwanza ya Siti Muharam, Siti of Unguja, ilitoka mwaka 2020 kupitia lebo ya On the Corner. Mwimbaji ni kitukuu cha Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na albamu inazirudia nyimbo za bibi huyo. Mohamed Issa Matona ndiye aliyeongoza muziki. Udi na kanuni zimepewa besi nzito na sauti za umeme zilizotiwa kwa kiasi. Huko Ulaya kazi hii ilisifiwa, na sifa zenyewe ziliegemea mgawanyo mmoja: udi ni wa kale, umeme ni wa leo, na albamu imevikutanisha.

Mgawanyo huo haufai kuielezea Pemba. Kwa mtu wa Wete au Chake Chake aliyekuwa kijana katika miaka ya 1990, kinanda cha umeme ndicho kinachomrudisha nyuma. Udi alihadithiwa na wazee au aliusikia redioni; kinanda alikisikia harusini kwa dada yake. Kwa hiyo tunapouliza wasikilizaji wanaipokeaje albamu inayojivika sauti za zamani, yatupasa kwanza tujue ni zamani ipi, na ya nani.

Jambo hili linaonekana wazi tukilitazama kwa upande wa pili. Mwaka 2009 La Roux wa Uingereza walitoa albamu yao ya kwanza, iliyojengwa kwa sinthesaiza za namna iliyotamba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliowasikia walikumbuka enzi ambayo mashine hizo zilikuwa ahadi ya maisha yajayo: roboti, anga za juu, miji ya taa. Pemba sauti hiyohiyo haikuja na ahadi yoyote ya namna hiyo. Ilikuja na kaseti na harusi. Msikilizaji wa London na wa Mkoani, Pemba, wakisikia mlio mmoja wa kinanda, kila mmoja anakumbuka mambo yake, na hakuna kumbukumbu iliyo halali kuliko nyingine.

Historia yenyewe si ngumu kuifuata. Ng'ambo ya Pemba, kule Tanga, makundi ya Black Star na Lucky Star yalikwisha kuingiza magitaa ya umeme katika taarab tangu miaka ya 1960 na 1970. Miaka ya 1990 kundi la East African Melody likaja na mtindo wa rusha roho, na kinanda kimoja kikashika kazi iliyokuwa ya fidla, akordioni na kanuni. Kundi dogo ni rahisi kulisafirisha na kulilipa, na kwa kisiwa kinachofikiwa kwa meli hilo lina uzito wake. Umeme nao ulikuwa na maneno yake. Kabla ya waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga kuanza kazi mwaka 2010, Pemba iliishi kwa mitambo ya dizeli, na taarab ya kinanda haikuweza kupigwa ila pale palipokuwa na umeme wa uhakika au jenereta. Mngurumo wa jenereta nyuma ya ukumbi ni sehemu ya sauti ambayo watu wa rika hilo wanaikumbuka, na hakuna studio iliyowahi kuirekodi.

Wapo wanaosema kinanda kimeiua taarab, na hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni ya kifundi. Makamu, yaani mizani za sauti za muziki wa Kiarabu, ya Rast na Bayati yana sauti zinazokaa kati ya funguo mbili za kinanda cha kawaida. Mpiga udi anazipata kwa kusogeza kidole, mpiga kinanda hana pa kusogea. Vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Uarabuni, vyenye swichi za kushusha sauti kwa robo, vilipunguza tatizo hilo bila kulimaliza. Hasara hii ni ya kweli, na wanamuziki waliolelewa katika desturi ya Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa mwaka 1905, wana haki ya kuililia. Hata hivyo, ukisikiliza malalamiko ya wazee kwa makini utaona kuwa kinachowauma zaidi ni maneno. Wanakasirika kwamba fumbo limevuliwa nguo, kwamba mpasho, wimbo wa kumsema mtu, unamtaja karibu kwa jina. Kinanda kinabebeshwa lawama ya mtunzi.

Na maneno ndiyo yanayotufikisha kwenye namna hasa ya kusikiliza. Mwanamke anayetunza harusini hainuki ovyo. Anangoja. Beti ya kwanza inapita amekaa, ya pili inapita, kisha inafika ile anayoitaka, naye anasimama na noti imebanwa kati ya vidole viwili, anakwenda mbele taratibu kwa mwendo wa ngoma, mkono juu ili noti ionekane. Anampa mwimbaji, na wakati wa kugeuka macho yake yanatua mahali fulani ukumbini, kwa mtu fulani. Waliokaa karibu na mtu huyo wameshaelewa. Huenda mlengwa naye akainuka beti inayofuata na noti yake. Huu ni uhakiki uliokamilika: beti imechaguliwa, imefasiriwa, imepewa maana mpya na imejibiwa, yote katika dakika chache, mbele ya mashahidi.

Pemba ilikuwa na sikio hili zamani kabla ya kinanda na kabla ya kaseti. Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa kisiwa hicho, walijibizana kwa beti. Ngoma ya kibati nayo ni majibizano ya papo kwa papo yanayokimbizana na mdundo. Mtu aliyelelewa humo anausikia wimbo kama kauli inayotafuta mlengwa, na ala inayoupiga, ya nyuzi au ya umeme, inapimwa kwa jinsi inavyoyaacha maneno yasikike.

Kwa kipimo hicho nadhani Siti of Unguja inapewa heshima kwa sababu isiyo yake na kusamehewa upungufu usiotajwa. Chukua "Kijiti", wimbo wa mauaji ya mwanamke mgeni aliyefika Unguja, ambao mwanahistoria Laura Fair ameueleza vizuri katika kitabu chake Pastimes and Politics. Siti binti Saad alipouimba, waliomsikiliza waliijua kesi: muuaji alitoroka, na wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu ndio walioadhibiwa. Wimbo ulikuwa shutuma kwa mahakama iliyokuwepo. Katika albamu ya 2020 sauti ni nzuri, mapigo yana kiza kinachostahili kisa, ila shutuma imebaki bila mshutumiwa. Besi na umeme havikuleta hasara hiyo, wala udi haukuiziba. Albamu yoyote inayorudia nyimbo za zamani inakutana na tatizo hili, na ingefaa wahakiki wetu waliseme badala ya kuhesabu ala zipi ni za asili.

Utafiti wa mapokezi ya taarab Pemba utafika mbali ukianzia kwa wanawake waliotunza katika harusi za miaka ya 1990. Wengi wao wangali hai, na wanakumbuka ni beti gani iliyowainua na ilimlenga nani.