Kuuaga Uwanja wa Taifa: Kilio na Shangwe Mahali Pamoja



Wapendwa wasomaji wetu wa Marui, na ninyi nyote wa Kibaha na Kisarawe mnaotufuata juma kwa juma, leo tunatafakari juu ya jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo, yaani kuaga mahali. Mtu akifiwa, tunajua la kufanya: tunaketi matanga, tunasali, tunazika. Lakini mahali palipotulea panapofikia mwisho wa utumishi wake, mara nyingi tunaondoka kimya kama watu wasio na deni. Je, ni halali Mkristo kulia kwa ajili ya mawe na nyasi?

Maandiko Matakatifu yanatupatia jibu ambalo pengine hatukulitazamia. Katika sura ya tatu ya Kitabu cha Ezra tunasoma habari za Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni Babeli. Hekalu la Sulemani lilikuwa limebomolewa mwaka 587 K.K. Msingi wa Hekalu jipya ulipowekwa, wengi walipiga kelele za furaha, bali wazee walioliona lile la kwanza kwa macho yao walilia kwa sauti. Mwandishi anaeleza kwamba watu hawakuweza kutofautisha sauti ya shangwe na sauti ya kilio. Wala hamkemei yeyote. Wote wawili, anayelia na anayeshangilia, walikuwa wakimsifu Mungu yuleyule.

Kwa mwanga huo tuitazame historia ya mahali ambapo Watanzania wengi wanapafahamu, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga hapo: Uwanja wa Taifa wa zamani, kule Temeke, Dar es Salaam, unaoitwa leo Uwanja wa Uhuru, na ambao wapenzi wa kandanda waliubatiza jina la utani la Shamba la Bibi. Katika lugha yetu, shamba la bibi ni lile ambalo kila mjukuu huingia na kuchuma bila kubisha hodi. Jina hilo lina mzaha ndani yake, lakini lina ukweli pia: hapo kila mtu alijiona yuko kwao.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, umati ulikusanyika katika uwanja huo. Mwanamfalme Philip alikuwapo kwa niaba ya Malkia wa Uingereza. Saa sita ya usiku bendera ya Uingereza ilishushwa, ikapanda bendera ya Tanganyika, yenye kijani, njano na nyeusi. Usiku uleule Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu ya Kilimanjaro na Mwenge wa Uhuru. Kiongozi aliyesimama mbele ya umati ule, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, alikuwa hadi mwaka 1955 mwalimu wa shule ya Mtakatifu Fransisko pale Pugu, katika vilima vinavyopakana na Kisarawe yetu. Kwa hiyo watu wa upande huu wana haki ya kusema kwamba njia iliyofika uwanjani usiku ule ilipita karibu na milango yao.

Baada ya usiku huo, uwanja uliendelea kuwa shule ya taifa changa. Hapo watani wa jadi, Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936, walitufundisha kushindana bila kuuana. Wazee wa Yanga hawajasahau mabao 5 kwa bila ya mwaka 1968; wazee wa Simba nao hujibu kwa mabao 6 kwa bila ya mwaka 1977. Mwaka 1979 timu ya taifa iliifunga Zambia bao 1 kwa bila hapa nyumbani, kisha ikaenda Ndola, Peter Tino akasawazisha, matokeo yakawa 1 kwa 1, na Tanzania ikapata tiketi ya kwenda Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1980. Tena tulijifunza kushindwa. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare ya bila kufungana kule Abidjan, kisha ikafungwa na Stella mabao 2 kwa bila hapa Dar es Salaam, mbele ya watu wake. Taifa zima lilikwenda kulala likiwa na huzuni moja.

Na ni wangapi kati yetu waliokuwa ndani ya uwanja? Wachache mno. Wengine wote tulikuwa katika vijiji vyetu, chini ya mwembe, tumeizunguka redio moja yenye betri zilizoanikwa juani tangu asubuhi, tukimsikiliza mtangazaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam. Mzaramo na Mkwere, Mwislamu na Mkristo, mwenye redio na asiye nayo, wote tuliruka kwa bao moja. Nyasi zile hatukuziona, lakini zilikuwa zetu. Mahali huwa pa watu wengi kuliko wanaoweza kuingia ndani yake. Hili Kanisa linalijua tangu zamani, kwa maana waamini wengi wanaipenda Yerusalemu bila kuiona.

Ikafika siku ya huzuni kubwa zaidi. Mwalimu Nyerere aliaga dunia mjini London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwili wake uliporudishwa, uliwekwa katika uwanja uleule, na watu wakapita mbele yake kutoa heshima zao za mwisho. Miaka 38 ilikuwa imepita. Pale alipoipokea bendera akiwa kijana, ndipo alipolazwa akiwa amefunikwa na bendera. Yeye ambaye sasa Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, aliagwa na taifa lake katika uwanja wa mpira. Tusilione kuwa jambo la ajabu. Ilikuwa ndiyo nyumba ambayo watu wote waliweza kuingia bila kuulizwa dini wala kabila.

Mwaka 2007 uwanja mpya wenye viti 60,000, uliojengwa kwa msaada wa China, ulikamilika hatua chache tu kutoka ule wa zamani. Mechi kubwa zikahamia huko. Hata jina lilihama: mpya ukaitwa Uwanja wa Taifa, na ule wa zamani ukabaki na jina la usiku wake wa kwanza, Uhuru. Mwaka 2020, baada ya kifo cha Rais mstaafu Benjamin Mkapa, ule mpya ukapewa jina lake. Ni huko ambako tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars iliifunga Uganda mabao 3 kwa bila na kurudi Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Vijana walishangilia. Wazee nao walishangilia, lakini baadhi yao macho yaliuvuka ukuta na kutazama upande wa pili, kuliko na majukwaa ya Lagos. Ndiyo sauti ile ya Kitabu cha Ezra.

Wenzetu wa Marekani waliwahi kuaga kwa namna ya wazi zaidi. Jijini New York palikuwa na uwanja wa besiboli ulioitwa Yankee Stadium, uliofunguliwa mwaka 1923. Mapapa watatu waliadhimisha Misa Takatifu humo: Paulo VI mwaka 1965, Yohane Paulo II mwaka 1979, na Benedikto XVI mwezi Aprili 2008. Mchezaji wake mashuhuri kuliko wote, Babe Ruth, Mkatoliki aliyelelewa katika shule ya watawa, alipofariki mwaka 1948 mwili wake uliwekwa hapo ili watu wamuage, kama sisi tulivyofanya kwa Mwalimu. Mchezo wa mwisho ulipofika, tarehe 21 Septemba 2008, milango ilifunguliwa mapema ili mashabiki watembee uwanjani, na binti yake Babe Ruth akarusha mpira wa kwanza. Baadaye uwanja ulibomolewa, na mahali pake pakawekwa viwanja vya wazi vya kuchezea. Watu wale hawakuabudu zege. Walishukuru, kisha wakaondoka.

Uwanja wetu wa Uhuru haukubomolewa, na machozi yake hayakuishia mwaka 2007. Tarehe 21 Machi 2021, watu walipokuwa wakimuaga Rais John Magufuli, aliyeapishwa hapohapo mwaka 2015, msongamano ulisababisha vifo vya watu 45. Tuwaombee marehemu hao raha ya milele. Tunapowakumbuka, tunaelewa kwamba upendo wa umati nao unahitaji utaratibu, na kwamba uhai wa mtu mmoja una thamani kuliko heshima yoyote tunayompa mkubwa.

Wapendwa, historia hii inatudai nini sisi wa Marui?

Kwanza, tusimcheke mzee anayelilia kilichopita. Halilii tofali, anawalilia waliokaa naye juu ya tofali hilo.

Pili, tuage kwa shukrani. Parokia na vigango vingi vinabomoa makanisa madogo ya zamani ili kujenga makubwa. Ni vema. Lakini kabla ya kubomoa, tuwakusanye wazee wasimulie nani alibatizwa hapo, nani alifunga ndoa, nani alibeba mawe ya msingi. Simulizi hizo ziandikwe katika kumbukumbu za parokia. Asiyeaga hana cha kumrithisha mtoto.

Tatu, na hili ni la haraka: mji unakuja kwetu. Kibaha na Kisarawe zinapimwa viwanja vya nyumba kila kukicha, na uwanja wa kijiji wa kuchezea watoto ndio wa kwanza kutamaniwa, kwa sababu ni tambarare na hauna mwenyewe anayepiga kelele. Huo ndio shamba letu la bibi, kwa maana nzuri na kwa maana mbaya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji kauli katika ugawaji wa ardhi. Basi twende mkutanoni, Wakristo na Waislamu pamoja, tuketi hadi mwisho, tuulize, na tutenge mahali pa watoto kabla mahali hapo hapajauzwa. Kuaga uwanja uliomaliza kazi yake ni jambo la heshima. Kuuaga uwanja uliouzwa tukiwa tumelala ni aibu.

Mwenyezi Mungu, aliyeipokea sauti ya waliolia na ya walioshangilia mbele ya Hekalu lake, azipokee na zetu. Awajalie juma lenye baraka. Amina.