Galileo Hakuwa Kesi ya Kanisa Peke Yake

Kuna hadithi tunaipenda sana sisi vijana wa Kiislamu wa pwani. Kanisa lilimfunga Galileo kwa kusema dunia inazunguka jua, sisi hatukuwa na mambo hayo, kwisha maneno. Nimeisikia barazani, nimeisikia kwenye mawaidha, na nikiweka video yoyote ya nyota hakosi mtu wa kuileta. Nusu yake ni kweli. Hiyo nusu nyengine ndiyo ninayoitaka leo, manake inatugusa hapa Kiwayu kila inapofika tarehe 29 Shaabani.

Tuanze na kanisa. Copernicus mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, mmoja wa wasimamizi wa kanisa kuu la Frombork, Poland. Kitabu chake kilitoka 1543, mwaka aliofariki. Andreas Osiander, aliyesimamia uchapaji, akachomeka dibaji isiyo na jina la mwandishi: haya ni mahesabu tu, msidhani ndivyo mbingu zilivyo. Basi kikapita. Kwa miaka zaidi ya 70 Roma haikukipiga marufuku. Tena Papa Gregory XIII aliporekebisha kalenda mwaka 1582 na kufuta siku kumi, miongoni mwa majedwali waliyoyategemea wataalamu wake yalikuwemo yaliyopigwa kwa njia ya Copernicus. Kalenda hiyo ndiyo iliyo kwenye simu yako sasa hivi.

Kwa hivyo hesabu ilipokelewa vizuri tu. Moto uliwaka pale Galileo aliposema kwamba si hesabu tu, ndivyo mambo yalivyo. Mwaka 1610 alikuwa ameshaona kwa darubini miezi minne ikiizunguka Mshtarii. Baadaye akaiona Zuhura ikiwa hilali, kisha ikijaa, kama mwezi wetu. Watu wakamletea kisa cha Yoshua katika Biblia, aliyeliamuru jua lisimame: litasimamaje kitu ambacho hakiendi? Galileo akajibu, na jibu lake la 1615 ndilo lililomponza kuliko darubini. Alianza kueleza namna ya kuifasiri Biblia. Yeye, mtu wa hesabu! Na tangu 1546, Mtaguso wa Trento ulikuwa umekataza mtu kufasiri maandiko kwa rai yake kinyume na kanisa. Waprotestanti walikuwa wameshajitenga, Ulaya inachinjana kwa tafsiri, halafu anakuja huyu.

Mwaka 1616 kitabu cha Copernicus kikazuiwa mpaka kisahihishwe. Mwaka 1633 Galileo akahukumiwa, akalazimishwa kuikana kauli yake, akabaki kizuizini nyumbani mpaka alipofariki 1642. Hakutupwa kwenye shimo la gereza kama watu wanavyosimulia.

Na tuwe waadilifu. Kadinali Bellarmino aliandika kwamba ukipatikana uthibitisho wa kweli, itabidi maandiko yaangaliwe upya kwa uangalifu. Uthibitisho kamili haukuwepo. Kama dunia inakwenda, nyota za karibu zinafaa zionekane zikisogea kidogo mwaka unapozunguka, na hilo halikupimwa mpaka 1838, na Bessel. Waliompinga Galileo hawakuwa wajinga wote.

Sasa tuje kwetu. Miaka hiyohiyo visiwa hivi vilikuwa vinagombaniwa na pande mbili. Mwaka 1585 alikuja Mir Ali Bey kwa jina la Sultani Murad III wa Istanbul, na miji mingi ya pwani, Faza, Pate na Lamu ikiwemo, ikamuunga mkono dhidi ya Wareno. Faza iko hapo tu, kusini-magharibi mwetu, ng'ambo ya maji. Mapema 1587 Wareno wakaja kuiadhibu: wakaua watu, wakaufyeka mji mpaka minazi. Galileo alikuwa hajatimiza miaka 23.

Wareno tunawakumbuka kwa hayo, na ni haki yetu. Lakini hebu mwangalieni huyo Sultani ambaye wazee wetu walipigana kwa jina lake. Mwaka 1577 alimjengea Taqi al-Din kituo cha kuangalia nyota Istanbul, chenye vyombo vikubwa vya kupimia. Mwaka huohuo ikatokea nyota ya mkia, Taqi al-Din akabashiri heri, kisha likaja tauni. Sheikh wa Uislamu akamshauri Sultani kwamba kuchungulia siri za mbingu kunaleta nuhusi. Mwaka 1580 kituo kikabomolewa. Taqi al-Din wala hakuwa na habari ya jua katikati, dunia kwake ilikuwa imetulia kama kwa wengine. Kulikuwa na siasa za ikulu ndani yake pia, kama zilivyokuwepo Roma. Lakini kilibomolewa, na hoja iliyotolewa ilikuwa ya dini.

Najua mtaniambia Ibn al-Shatir. Sawa, na ninajivunia: alifariki Damascus 1375, na namna alivyoueleza mwendo wa mwezi ndiyo hiyohiyo utakayoikuta kwa Copernicus zaidi ya miaka 150 baadaye. Ila kumbukeni kazi yake ilikuwa gani. Alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umayya. Yaani msikiti ulimwajiri mtu wa hesabu ili watu wajue wakati wa kuswali.

Na si ya kale tu. Mwaka 1966 Sheikh Abdulaziz bin Baz, akiwa makamu wa mkuu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, aliandika kwamba jua ndilo linalokwenda na ardhi imetulia, akawa mkali sana kwa anayesema jua halina mwendo, kwa sababu Qur'ani inataja mwendo wa jua. Baadaye akalitolea kitabu. Hakusema ardhi ni bapa, hilo anasingiziwa. Alikuwa mwanachuoni mkubwa na namtaja kwa heshima. Lakini hoja yake ni dada wa ile ya Yoshua, na vijana wa pwani yetu wamekwenda kusoma Madina. (Na jua kweli linakwenda, linakizunguka kitovu cha galaksi yetu. Mtu asije akaniambia hicho ndicho kilichokuwa kinabishaniwa.)

Haya, tarehe 29. Msikitini ukutani kuna jedwali la nyakati za swala. Alfajiri dakika fulani, magharibi dakika fulani, mwaka mzima. Hakuna anayetoka nje kupima kivuli kwa fimbo ndipo aadhini adhuhuri. Hesabu ya jua tumeikubali mpaka dakika. Ikifika hesabu ya mwezi, ghafla inakuwa uzushi. Mmoja anafuata Saudia, mmoja anamngoja Kadhi Mkuu, mmoja anasema hapa kwetu hatujauona. Nyumba moja, mama amefunga na mtoto yuko kwenye idi. Nimewaona ndugu wakisusiana sahani kwa hilo.

Ajabu ni kwamba mvuvi wa Kiwayu hahitaji kuambiwa mwezi ni wa ngapi. Anayatazama maji. Yakiwa bamvua, mwezi umeandama au umepevuka, yakiwa maji mafu, uko nusu. Hesabu anayo tangu kwa babu yake.

Na ule ugomvi wa "Saudia wameuona, sisi mbona hatukuuona" unaelezeka kwa haohao kina Copernicus. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, kwa hivyo magharibi jua linachwa baadaye, na hapo mwezi umeshapata muda wa kujitenga na jua. Mtu wa Morocco anaweza kuuona jioni ambayo sisi, tukitazama upande wa Mkokoni, hatuoni kitu, na wote wawili wakawa wakweli.

Rai yangu ni hii. Sisemi jicho liachwe. Hadithi inataka kuona, na mimi nataka kuona. Lakini mtu akija na ushahidi kwamba ameuona mwezi ambao kwa hesabu umetua kabla ya jua, ushahidi huo urudishwe kwa adabu, hata akiwa mzee mwenye heshima zake. Hilo linawezekana bila kugusa aya wala hadithi hata moja. Siku mbili kabla ya tarehe 29, Ofisi ya Kadhi Mkuu itangaze jua litachwa saa ngapi na mwezi utatua saa ngapi, kuanzia Vanga mpaka Kiunga. Jedwali hilo libandikwe ukutani, pembeni ya lile la swala. Halafu jioni ikifika tupande vilimani kama kawaida, tutazame bara.