Historia ya Kutibu Taya kwa Mikono

Katika viungo vyote vya mwili wa mwanadamu, ni vichache vifanyavyo kazi nyingi na kusahauliwa upesi kama kiungo cha taya. Kila tulapo, kila tusemapo na kila tupigapo miayo, taya la chini hushuka na kupanda, nasi hatulikumbuki mpaka siku linapouma. Weka kidole mbele ya sikio lako, kisha uachame polepole. Utausikia mfupa ukizunguka kwanza kama bawaba ya mlango, halafu ukiteleza kwenda mbele. Kati ya mfupa wa taya na mfupa wa kichwa mna kisahani chembamba kinachozuia mifupa hiyo isisagane. Viungo vyenyewe ni viwili, wa kuume na wa kushoto, wala kimoja hakiwezi kwenda bila mwenziwe. Vikiingiwa na maradhi, mtu huona taabu kutafuna, husikia mlio wa kualika karibu na sikio, na huumwa na kichwa hata usingizi ukampotea. Insha hii yaeleza jinsi watu walivyoitafuta dawa ya maumivu hayo, na jinsi mikono ya mganga, iliyotangulia mbele ya dawa nyingine, ilivyowekwa kando na kisha kurudishiwa heshima yake.

Ushahidi wa kwanza tunaupata katika bara letu la Afrika. Mwaka 1862 Mmarekani mmoja aitwaye Edwin Smith alinunua hati ya mafunjo katika mji wa Luxor, huko Misri. Hati hiyo iliandikwa yapata miaka 1600 kabla ya Kristo, nayo yataja majeruhi 48, kila mmoja kwa jeraha lake. Mtaalamu James Henry Breasted aliitoa tafsiri yake mwaka 1930, na ulimwengu ukastaajabu. Katika habari ya 25 twasoma juu ya mtu ambaye taya lake limeteguka, akabaki kinywa wazi asiweze kukifumba. Mganga aagizwa kutia vidole gumba ndani ya kinywa, juu ya ncha za nyuma za taya, na vidole vingine aviweke chini ya kidevu, kisha alirudishe taya mahali pake. Baadaye humfunga mgonjwa dawa pamoja na asali kila siku mpaka apone. Daktari wa leo alirudishapo taya lililoteguka, mara nyingi huviweka vidole vyake vivyo hivyo.

Elimu hiyo haikupotea. Hippokrate, tabibu mashuhuri wa Wayunani aliyezaliwa yapata mwaka 460 kabla ya Kristo, anahesabiwa kuwa mwenye kitabu juu ya viungo, na humo mlielezwa namna ya kulirudisha taya. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa chenye sehemu 30, na katika ile ya upasuaji akalieleza jambo hilo pia. Hivyo ujuzi ulipita kutoka taifa hadi taifa na kutoka lugha hadi lugha, kama mwenge upokezwao kwa mikono.

Lakini yatupasa kupambanua mambo mawili. Taya lililoteguka huonekana na kila mtu, na likirudishwa vyema mgonjwa hupata nafuu papo hapo. Maumivu ya kiungo ambacho hakikuteguka ni jambo jingine. Hayaonekani kwa macho. Huja na kwenda, huhama kutoka taya hadi sikio, na kutoka sikio hadi shingo. Mgonjwa wa namna hii aliweza kuambiwa kwamba hana ugonjwa wowote, naye ndiye aliyengoja kwa miaka mingi mtu wa kumwelewa.

Wakati huo huo kazi ya kutibu kwa mikono ilikuwa ikijengewa msingi mpya Ulaya. Mwaka 1813 Pehr Henrik Ling, mwalimu wa kucheza kwa panga, alianzisha katika mji wa Stockholm chuo cha mazoezi ya mwili, na baadhi ya mazoezi hayo yalikusudiwa kuwaponya wagonjwa. Huko London, mwaka 1894, wanawake wanne waliokuwa wauguzi na wakunga waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa. Walifanya hivyo kwa kuwa jina la ukandaji lilikuwa limechafuliwa na watu walioutumia kama kificho cha mambo ya aibu. Kwa hiyo wakajiwekea sheria kali: mwanachama asimkande mgonjwa bila maagizo ya daktari, asijitangaze isipokuwa katika magazeti ya matabibu, wala asiwauzie wagonjwa dawa. Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 vilipoleta maelfu ya majeruhi, wakandaji hao walihitajiwa sana, na mwaka 1920 chama chao kilipewa hati ya kifalme. Mwaka 1944 kikachukua jina la fiziotherapi, yaani tiba ya viungo, jina kilicho nalo hata leo.

Ugonjwa wa taya, hata hivyo, ulishika njia nyingine. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio, pua na koo katika mji wa St. Louis, Marekani, aliandika habari za wagonjwa 11 waliolalamikia maumivu, kizunguzungu na mvumo masikioni. Alidhani kwamba mtu akipotewa na meno ya nyuma, taya hupanda mno na kurudi nyuma, likaibana mishipa ya fahamu iliyo karibu na sikio. Dawa yake ilikuwa kuliinua taya kwa vifaa vya meno. Costen alistahili sifa, kwa maana aliwasadiki wagonjwa wake. Lakini wataalamu wa maumbile ya mwili walipochunguza, waliona kuwa mishipa ile haikai mahali pa kubanwa kwa namna aliyoidhania. Hata hivyo wazo lake lilikuwa limekwisha kuenea, na kwa miaka mingi chanzo kilitafutwa katika meno, nayo meno mazima yakachongwa ili yapate kukutana sawasawa.

Katika miaka ya 1950 Laszlo Schwartz, wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, aliyageuza macho ya wenzake kutoka meno hadi misuli. Mwaka 1969 Daniel Laskin wa Chicago aliendelea mbele zaidi, akasema kwamba kwa wagonjwa wengi maumivu hutokana na misuli iliyochoka kwa sababu ya kukaza taya na kusaga meno, na kwamba wasiwasi wa moyo huchochea tabia hiyo. Ikiwa ndivyo, basi kuchonga meno au kupasua kiungo ni kumpiga asiye na kosa.

Haikuwa rahisi wote kuusikia ushauri huo. Katika miaka ya 1980 madaktari kadhaa wa Marekani waliviondoa visahani vya viungo vya wagonjwa na kutia mahali pake vipande vilivyotengenezwa kwa Teflon. Teflon ni laini na huteleza, kwa hiyo ilidhaniwa kufaa. Lakini taya hukaza kwa nguvu nyingi kila siku. Vipande vile vilisagika vikawa chembe ndogo ndogo. Mwili ukapigana nazo kama adui, na katika vita hivyo mfupa wenyewe ukaliwa. Mwaka 1990 serikali ya Marekani ikatoa onyo, na mwaka uliofuata vipande hivyo vikaondolewa sokoni. Lakini wagonjwa walioingia hospitali na maumivu ya kadiri walikuwa wametoka na maumivu ya maisha.

Msiba huo uliwafanya watu wafikiri upya. Mwaka 1996 wataalamu waliokutanishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walishauri kwamba wagonjwa walio wengi waanze na matibabu mapole, yale ambayo yasipofaa yaweza kuachwa bila kudhuru. Ndipo mikono iliporudi mahali pake. Mtaalamu wa fiziotherapi huikanda misuli ya shavu na ya panja, hulivuta taya polepole ili kiungo kipate nafasi, na humfundisha mgonjwa kuketi wima, kwa maana shingo iliyopinda hulichosha taya. Mariano Rocabado wa Chile alipanga mazoezi sita, kila moja lirudiwe mara sita, na yote yafanywe mara sita kwa siku. Zidisha, nawe utapata miendo 216, midogo midogo, isiyohitaji chombo chochote. Mojawapo ni kuigusisha ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya juu, na kuachama bila ulimi kubanduka. Mwaka 2023 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilisisitiza njia hizo kwa wenye maumivu ya siku nyingi, likakataza kukiondoa kisahani cha kiungo kwa kisu. Si kwamba upasuaji hauna kazi tena. Mfupa ulioshikana au wenye uvimbe bado humhitaji mpasuaji. Lakini yeye sasa haitwi kwanza.

Hapa Kenya kazi hii hufundishwa katika vyuo vya utabibu, na sheria ya mwaka 2014 iliweka baraza la kuwasimamia wataalamu wake. Basi kijana apendaye elimu ya mwili asidhani kwamba mikono ni chombo cha wajinga. Na ajue jambo moja zaidi. Costen hakuwa mtu mbaya, wala waliotia Teflon hawakukusudia kudhuru. Walikosea kukijua chanzo, kisha wakafanya haraka jambo lisiloweza kutanguliwa. Mwandishi wa Misri alimtaka mganga amtazame mgonjwa kwanza, atamke ugonjwa wake, ndipo anyoshe mkono. Utaratibu huo una miaka zaidi ya 3,500, na kila ulipoachwa, mgonjwa ndiye aliyelipa.