Kioo cha gari kimeacha kupanda chenyewe: mara nyingi moteri haijakufa

Muhumba, kama kwingine katika komine ya Ibanda, hadithi ni moja. Asubuhi shofere anabadilisha batri, ao anaitoa kwenda kuichaji. Gari inawaka vizuri, taa ziko sawa. Jioni mvua inatokea upande wa ziwa. Anavuta buto ya kioo mara moja kama kawaida, lakini kioo kinasimama palepale kidole kinapoachia. Anaambiwa moteri imekufa, na hesabu ya dola inaanza.

Kumbe mara nyingi hakuna kilichokufa. Kioo kimesahau tu mahali kinapoishia. Kukikumbusha ni kazi ya dakika chache, bila chombo na bila franga.

Kwa nini kinasahau

Ndani ya mlango kuna moteri ndogo, pamoja na kifaa cha elektroniki kinachohesabu mizunguko yake. Kwa hesabu hiyo kifaa kinajua kioo kiko wapi, na juu mwisho ni wapi.

Hesabu hiyo iko hasa kwa ajili ya usalama. Kioo kinachopanda chenyewe kikikutana na mkono wa mtoto, moteri inahisi kwamba imezuiwa, inasimama na kukirudisha chini. Kanuni za Ulaya na za Marekani zinataka kioo cha namna hiyo kirudi kabla nguvu yake haijapita newton 100, karibu sawa na uzito wa kilo 10.

Umeme ukikatwa, katika gari nyingi kumbukumbu hiyo inafutika. Kifaa hakijui tena mwisho wa juu uko wapi, na kwa hiyo kinakataa kupandisha kioo chenyewe. Bora kisimame kuliko kubana mtu. Inatokea batri ikibadilishwa, ikiisha kabisa, ikichomolewa kabla ya kuunga chuma kwa umeme, fizible ikitolewa, ao moteri yenyewe ikibadilishwa. Kwenye Toyota fulani taa ndogo ya buto inaanza kuwakawaka: ni alama ya jambo hilo hilo.

Namna ya kukikumbusha

1. Washa gari, moteri kubwa izunguke, ili batri isilegee katikati ya kazi. Funga milango yote.
2. Finya buto, teremsha kioo mpaka katikati.
3. Vuta buto mpaka mwisho wake na uishikilie. Kioo kipande mpaka juu kabisa. Kama kinapanda kidogo kidogo na kusimama, vuta tena na tena mpaka kifike.
4. Kikiisha kufunga, usiachilie. Endelea kuvuta. Kwenye Toyota nyingi sekunde moja inatosha, kwenye Nissan zaidi ya sekunde tatu. Ukihesabu polepole mpaka tano, unakuwa umepita zote mbili.
5. Achilia, kisha jaribu: finya mara moja kishuke chenyewe, vuta mara moja kipande chenyewe.

Kwenye Honda nyingi kioo kinateremshwa mpaka chini kabisa na buto inaendelea kufinywa sekunde mbili hivi. Halafu kinapandishwa mpaka juu na buto inashikiliwa tena muda huo huo.

Kila kioo kinafanyiwa peke yake. Katika gari nyingi inabidi kutumia buto ya mlango ule ule, hata kama shofere ana buto zote karibu naye. Wengi wanakosea hapo: wanafanya kazi yote kwa buto za shofere, kisha wanasema dawa imekataa.

Kwanza hakikisha gari yako ina kazi hiyo

Gari nyingi za Bukavu zimetoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, usukani uko kuume, na kitabu chake, kama kilifika, kimeandikwa kijapani. Ndiyo sababu maelezo haya wachache wanayajua. Angalia buto zenyewe. Kama neno AUTO liko kwenye buto ya shofere tu, ni kioo chake tu kinachohusika. Na katika gari za zamani AUTO ni ya kushuka peke yake. Hapo kupanda kwa mvuto mmoja hakukuwepo tangu mwanzo.

Hatari ya kukumbuka

Wakati wa kazi hii ule ulinzi wa kurudisha kioo unaweza kuwa umelala. Kioo kitapanda kwa nguvu yake yote. Watoto watoke ndani ya gari, na mtu asiweke mkono wala kichwa dirishani.

Kama bado kinakataa

Kioo kikipanda kisha kikarudi chenyewe, tazama mipira ambamo kinapita. Vumbi la kiangazi na matope ya masika vinajaa humo, na kifaa kinadhani kimekutana na mtu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, acha ikauke, kisha rudia hatua zote. Usipake grisi wala mafuta ya moteri: yanashika vumbi zaidi, na mpira unaharibika.

Kioo kisichosogea hata kidogo ni jambo lingine. Tazama kwanza ile buto ya kufungia vioo vya abiria, halafu fizible. Kama moteri inasikika inazunguka na kioo hakiendi, kamba ao mkono wa chuma ndani ya mlango umeachia. Hapo fundi anahitajika kweli.

Ukifika kwake, anza na hili: «Batri ilitolewa, na tangu hapo kioo hakipandi chenyewe.» Fundi mzuri atajaribu kwanza kushikilia buto. Akitaka kufungua mlango kabla ya hapo, mwombe ajaribu mbele yako. Na siku nyingine, kabla ya kuchomoa batri, pandisha vioo vyote kwanza. Mvua ya Bukavu haingoji.